Pua ya Kampuni

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Kila fundi amepewa daftari kama hili na Injinia Debra, bosi wetu, aandike kazi yake ya siku. Gerishon anaandika mpaka saa aliyokwenda chooni. Mimi sina cha kuripoti kwa msichana niliyemzidi miaka thelathini na tano. Nitaandika mambo yangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini hilo la nne nililimaliza lote.

Kwa atakayesoma hii nikishakufa: jina ni Muindi, fundi wa gesi, mkazi wa Riruta. Kuna maghorofa siku hizi ambapo watu hawabebi mitungi. Tangi moja kubwa linakaa uani, paipu zinapanda mpaka kila jikoni, mtu anafungua gesi kama anavyofungua maji. Kampuni yetu, ofisi yake Hurlingham, inakagua hizo paipu zisivuje. Kuna mafundi wanaokagua kwa mashine inayolia. Kuna wanaokagua kwa povu la sabuni: unapaka kwenye nati, ukiona mapovu yanafura, hapo panavuja. Mimi nakagua kwa pua. Miaka ishirini na sita. Kadi ya ukaguzi ina mahali pa kuandika umetumia njia gani, nami huandika PUA, herufi kubwa. Niko kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Machi, nimesimama kando ya tangi, pua mbele.

Sabuni nimeidharau maisha yangu yote. Kila fundi mpya nimemwambia povu ni la mtu ambaye pua yake imekufa. Gerishon nilimwambia hivyo siku yake ya kwanza, mbele ya wateja, akiwa ameshika ndoo. Hajanisamehe. Sijaomba msamaha.

Sasa ya leo. Nimetoka kwenye homa ya siku nne, hii ya baridi ya Julai. Jioni nimekaa jikoni, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, iko motoni, umbali wa mkono. Mama Mwololo, mke wangu, alikuwa kwa jirani. Mara akaingia mbio, leso puani. Nikamuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Akafunua sufuria. Muthokoi ulikuwa mkaa mtupu. Akasema jirani yetu Syokimau, ng'ambo ya ua, amenusa moshi mpaka ameanua nguo, na mimi nimekaa hapa kama kiti.

Moshi niliuona. Nilidhani ni wa jirani. Nikamwambia nilikuwa namjaribu nione kama yuko makini na chakula cha watu. Hakucheka.

Alipotoka nikajaribu mwenyewe. Nimenusa kitunguu: hakinuki, kama maji. Nimenusa mafuta taa: maji. Nimenusa soksi za juzi, mbili pamoja. Maji.

Pua imechoka. Imefanya kazi miaka ishirini na sita bila likizo. Inapumzika.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Mkutano ofisini, na chai bila andazi. Injinia Debra ametangaza kwamba kuna mtaa wa nyumba ishirini na nne kule Loresho. Tangi lipo, paipu zipo, zimewekwa na watu wengine, na sasa wanatafuta kampuni ya kuzitunza. Mwenyekiti wao ni mama mmoja anaitwa Waceke, aliyekuwa mwalimu mkuu. Huyu mama ameona kalenda. Amesema mashine mtu yeyote anaweza kununua, yeye anamtaka yule mzee wa pua. Ijumaa nitembee nyumba kwa nyumba mbele ya macho yake, ndipo atie sahihi.

Angalau kuna mtu Loresho mwenye akili.

Debra akasema tusipopata Loresho, mwisho wa mwezi kuna mafundi watarudi nyumbani. Hakumtazama mtu. Gerishon ndiye aliyenitazama. Akasema, "Mzee, lakini hiyo pua iko sawa? Nasikia ulikuwa na homa." Watu wakacheka. Nikamwambia pua yangu ikiwa na homa bado inashinda yake ikiwa na afya. Wakacheka zaidi, kwa upande wangu.

Lakini Ijumaa imebakiza siku tatu tu. Saa nne nikaenda kumwona Nzau, mzee mwenzangu anayeuza ugoro karibu na soko la Kawangware. Nikamwambia nataka wa kuamsha pua iliyolala. Akanipa ule mkali. Nikaongeza pilipili ya kusaga kutoka kwangu, kwa sababu mtu asitegemee wengine.

Nikauvuta saa saba, nikiwa kazini, jikoni kwa mteja, Gerishon akiwa amepiga magoti kando yangu na mashine yake. Nimepiga chafya mara kumi na moja. Ya saba ilimpiga Gerishon sikioni, akashtuka, mashine ikamtoka mkononi ikaingia kwenye sinki. Ikalia mpaka saa tisa. Mteja alikusanya watoto akatoka nao nje.

Gerishon amesema nimefanya makusudi. Mimi, mtu mzima, nipige chafya makusudi. Nimemwambia mashine ya maana haiogopi maji.

Nimejaribu kitunguu tena. Maji.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Leo nimefanya jambo ambalo sikutegemea kulifanya hapa duniani. Nimepaka sabuni.

Nieleweke. Sikupaka kwa sababu pua imekufa. Nilipaka ili pua isisumbuliwe kabla ya Ijumaa. Ni kama mtu mwenye gari zuri analiacha nyumbani siku ya matope.

Sabuni nilitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na nikachukua brashi yangu ya kunyolea. Nikaenda kwa mteja mmoja, Maureen, ghorofa ya nne, hapa Hurlingham. Nikafunga mlango wa jikoni, nikamwambia pua inahitaji utulivu. Nikaanza kupaka. Kumbe jikoni humo mna mlango mwingine, wa kwenda kuanika nguo. Nimeinama nyuma ya kuka, jiko lenyewe la gesi, brashi mkononi, nasikia, "Baba, unafanya nini?"

Mtu mwingine angeshikwa. Mimi nilimjibu hapo hapo: naosha paipu. Nikamwambia kampuni yetu inaheshimu paipu ya mteja, hatuwezi kuinusa ikiwa chafu. Maureen akasema tangu ahamie hapo hakuna mtu amewahi kuosha kitu chochote kwake bila kuombwa. Akaniletea chai na biskuti tatu.

Alipotoka nikaangalia nati. Povu lilikuwa limefura, kubwa kama gololi. Likapasuka. Likafura lingine. Nikaikaza nati, nikapaka tena, likatulia.

Kwenye kadi nikaandika PUA. Kadi iko ndani ya kabati, imebandikwa. Mstari wa juu yake ni wangu pia, wa mwezi wa Machi. PUA. SAFI.

Basi paipu hiyo imeharibika baada ya Machi. Hakuna maelezo mengine.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Siku ya hasira. Naandika kalamu ikitoboa karatasi.

Kwanza ofisini. Maureen amepiga simu jana jioni kumsifu mzee aliyeosha paipu. Amewaambia majirani, nao wamepiga. Injinia Debra amefurahi kama aliyepewa zawadi. Ameamua kuanzia leo kila fundi aoshe kila paipu kwa sabuni, iwe desturi ya kampuni. Nikasema hilo ni wazo langu. Akasema ndiyo, Mzee, ni lako, na mafundi wote wakageuka kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Saa sita Gerishon akarudi, mikono imekunjamana kwa maji. Ameosha jumba lote la kina Maureen.  Akapanga kadi tatu alizobandua mezani kwa Injinia, moja moja, kama anayecheza karata. Nyumba tatu, mapovu yamefura. Kadi zote tatu: PUA, SAFI, Muindi.

Nikasema paipu ni kama binadamu, leo nzima, kesho inaumwa. Gerishon akasema, "Zote tatu, Mzee? Ziliambukizana?" Debra hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko sawa. Nikamwambia sijawahi kuwa sawa kama leo. Akasema basi kesho Loresho, saa tatu.

Pili, nyumbani, na hii ndiyo iliyonikera zaidi. Mtu anatoka kazini saa kumi, anataka chai tu. Mama Mwololo hayupo. Nikafungua mwenyewe gesi ya meko, jiko letu dogo la mtungi. Kiberiti kimelowa na hii baridi, njiti ya kwanza imevunjika, ya pili imevunjika, ya tatu imetoka kichwa. Nikaenda chumbani kutafuta kiberiti kingine. Kilikuwa ndani ya koti la kanisani, mfuko wa ndani, chini ya kitabu cha nyimbo. Nikarudi, nikakaa, nikatoa njiti.

Mama Mwololo alikuwa mlangoni. Aliangusha kikapu, nyanya zikaenda chini ya meza.  Alinipokonya kiberiti, akafunga mtungi, akafungua dirisha, akanishika mkono wa shati akanivuta mpaka uani kama mbuzi. Mbele ya Syokimau. Mimi, ambaye kalenda yangu iko kwenye ukuta wa Syokimau.

Nikamwuliza ni adabu gani hii. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameweka mikono katikati ya magoti. Nikamwambia ajifunike, ni baridi.

Akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikasema tangu Jumatatu.

Akasema, "Baba Mwololo, tangu ile homa yako mbaya ya mwaka juzi. Krismasi ya mwaka huo ulikunywa maziwa yaliyooza, ukaomba kikombe cha pili. Nilinyamaza nisikuaibishe mbele ya watoto. Nikajua huko kazini wamejua, wamekupa mashine."

Nikamwambia maziwa yale yalikuwa mazuri.

Tukakaa pale mpaka gesi ikaisha jikoni. Chai sikupewa. Halafu nikamweleza habari ya Loresho, na nikamweleza mpango, maana hata kwenye hasira kichwa changu hufanya kazi. Aje nami kama msaidizi wa kubeba mfuko. Pua yake ni nzuri, hilo silikatai. Ananusa mvua kabla haijafika Dagoretti. Mimi nitembee mbele, yeye nyuma. Akinusa gesi, akohoe mara mbili. Mimi nitangaze.

Alifikiri sana. Akasema atakuja kwa ajili ya hao watu wa Loresho, si kwa ajili yangu, kwa sababu akikaa nyumbani mimi nitakwenda tu, na mtu ataungua. Na Jumatatu nimwambie huyo Injinia ukweli wote.

Nimekubali. Kwa mdomo.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Loresho. Nyasi kama zulia, mbwa wanaolishwa nyama. Mama Mwololo amevaa gauni la kina mama wa kanisa na kofia yake ya sufu. Nimemtambulisha: Ndunge, msaidizi wangu wa pua. Debra akampa mkono akasema karibu, Mama. Gerishon alikuja na mashine yake mfukoni, ati kama itahitajika. Ameikausha kwa mchele.

Mama Waceke ni mtu wa heshima, shali mabegani, leso mkononi, macho ya kusahihisha daftari. Akasema, "Mzee Muindi, nimekungoja wewe. Hebu tuone."

Nikatangulia. Pua lazima iwe mbele, wengine wote nyuma, na nikawakataza kuzungumza. Nyumba ya kwanza, jikoni. Nikafumba macho, nikavuta hewa. Nyuma yangu: kohoo, kohoo.

Nikasema, "Gesi. Watu watoke."

Nyumba ya pili. Nikavuta hewa. Kohoo, kohoo. Gesi, watoke. Ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne, hata sijafika jikoni. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijua hao waliojenga ni ovyo, lakini sikujua ni ovyo kiasi hicho. Gerishon alikuwa ananinong'oneza nyuma, "Mzee, mashine haioni kitu hapa," nami nikamjibu bila kugeuka kwamba mashine iliyolala kwenye mchele itaona nini.

Mpaka nyumba ya tisa, uwanja ulikuwa umejaa. Mzee mmoja kwenye bafrobu, lile joho la kutokea bafuni, na gazeti. Mama mwenye unga wa chapati mpaka viwiko. Mtu wa benki aliyekuwa akifanya mkutano kwenye kompyuta, ameibeba wazi, wenzake wanauliza kuna nini. Mbwa sita. Mama Waceke akaanza kubadilika uso. Akasema, "Mzee, hizi paipu hazijamaliza mwaka." Nikamwambia uzee wa paipu hauhesabiwi kwa miaka.

Hapo Mama Mwololo akasogea kando yangu. Akanena kwa Kikamba, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Akaniambia yeye hajakohoa hata mara moja tangu tufike.

Nikageuka. Mama Waceke alikuwa na leso mdomoni. Akakohoa, kohoo, kohoo. Akaniomba radhi, akasema homa ya Julai imemshika wiki nzima, yeye na kila mtu nyumbani kwake.

Mtu mwingine angezimia. Mimi nilipanda kwenye ukingo wa maua, nikawatangazia watu wote kwamba lile lilikuwa zoezi la dharura, na wamepita vizuri, hasa yule wa kompyuta. Nyumba zao ziko salama. Wanaweza kurudi. Mzee wa bafrobu alipiga makofi. Debra alikuwa amefumba macho. Mama Waceke akasema zoezi ni jambo zuri, lakini mtu huarifiwa. Akasema tuingie kwake tunywe chai, tumalizie na jiko lake, halafu atafikiria hiyo sahihi.

Nikatangulia tena. Mama Waceke akabaki sebuleni na Debra, ameketi na leso yake. Gerishon alikuwa nje mlangoni anavua viatu. Jikoni alikuwepo msichana wa kazi, Carolyne, naye pua nyekundu kwa homa, ameweka birika juu ya kuka. Nikasimama katikati. Nikafumba macho, nikavuta hewa ikajaa mpaka tumboni. Nikasikiliza nyuma. Kimya. Hakuna kikohozi.

Nikasema, "Hapa ni safi kabisa." Nikatoa kadi.

Kuna kitu kilinipita kwa kasi, ikawa ni gauni la kanisa. Mama Mwololo alimshika Carolyne kifundo cha mkono, kiberiti kikiwa kimeshafunguliwa na njiti iko nje. "Usiwashe, mwanangu." Hakupaza sauti. Akafunga bomba la gesi, akafungua dirisha moja, akafungua la pili, akamtoa Carolyne nje, akarudi kunitoa mimi. Gerishon akaingia na mashine. Ilianza kulia kabla hajaiwasha vizuri. Nati ya nyuma ya kuka. Alisema gesi ilikuwa imejaa mpaka usawa wa magoti.

Huko nje nikamwuliza Mama Mwololo kwa nini hakukohoa kama tulivyopatana. Akasema hapakuwa na muda wa kukohoa mara mbili.

Basi Carolyne akaanza kulia, na Mama Mwololo akawa anamfuta machozi na ile kofia ya sufu. Mama Waceke alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza yeye, "Mama, kumbe ni wewe?"

Mama Mwololo akajibu ukweli. Huyu mwanamke, miaka arobaini na moja tumekaa pamoja, hajajifunza kunyamaza panapofaa. Alisema yote. Homa mbaya, maziwa, muthokoi, meko ya jana. Mimi nilisema upepo wa Loresho huelekea upande usiofaa kwa pua. Hakuna aliyesikiliza.

Debra aliketi kwenye ngazi. Injinia, na suruali safi, kwenye ngazi. Akaniuliza, "Mzee, ni jikoni ngapi umeandika PUA kwa hii miaka miwili?"

Nikamwambia sihesabu. Fundi mkubwa hahesabu.

Aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake.  Kisha baridi ikanikumbusha kwamba chai sijapewa, siku ya pili mfululizo.

Jumatatu, tarehe 21 Julai

Nilikuwa nimejiandaa kukataa kufukuzwa. Nilikuwa na hotuba. Sikupata nafasi ya kuitoa.

Injinia Debra amehesabu mwenyewe, Jumamosi na Jumapili, nakala za kadi zangu zote zilizoko ofisini. Jikoni mia mbili na kumi na mbili. Amesema wateja wote wamepigiwa simu wafunge mabomba mpaka tufike, kwamba hajalala, na kwamba angekuwa bosi mwingine ningekuwa nimeshakabidhi ovaroli. Lakini hakuna mtu mwingine anayejua kila paipu inapita wapi ndani ya kuta hizo. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza ya maana tangu aajiriwe. Basi nitarudi kwenye jikoni zote mia mbili na kumi na mbili, moja moja, nikiwa na ndoo na sabuni, na kila kadi itatiwa sahihi na mtu wa pili.

Mtu wa pili ni Mama Mwololo.

Mama Waceke amekubali kutia sahihi, kwa sharti moja: yule mama awe anakuja kila mwezi. Debra amemwajiri. Amepewa sare ya bluu, buti, kofia ngumu aliyoivaa juu ya ile ya sufu. Atafundishwa mashine, atafundishwa kila kitu, atafanya mtihani wa ufundi. Gerishon ndiye atakayemfundisha. Alimwita "Mama," akamvutia kiti. Mimi miaka tisa hajanivutia kiti.

Halafu wakazungumza habari ya kalenda ya mwakani. Wakadhani sisikii, nimesimama pale pale. Mwezi wa Machi watamweka yeye.

Gerishon aliniletea ndoo. Mpya, ya kijani. Akaiweka mbele ya miguu yangu taratibu, na mpini akaugeuzia kwangu. Hakusema neno, na ndiyo maana siwezi hata kumshtaki.

Nyumbani nikamwambia Mama Mwololo kwamba kwa vile mimi ndiye niliyemleta kwenye kampuni, mimi ni mkubwa wake. Akasema sawa. Akaniuliza kama sabuni inatosha ya kesho.

Jumatano, tarehe 23 Julai

Siku ya pili ya ile kazi, ambayo mimi naiita jukumu maalum. Jana tulimaliza jikoni tisa. Mapovu mawili. Mahali pake Mama Mwololo alipaonyesha kwa kidole kabla sijalowesha brashi. Akanikumbusha niandike POVU kwenye kadi. Herufi nne. Mkono ulinikataa kwenye ya kwanza.

Usiku mzima nilifikiri, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa kwangu. Kosa lilikuwa kuitegemea pua, kiungo ambacho mtu akishikwa na homa tu kimekwisha. Pua ni kitu dhaifu. Ningejua mapema nisingeipa miaka ishirini na sita. Gesi ikitoka inapuliza, na kinachopuliza kina mlio. Kwa hivyo anayetakiwa kwenye kazi hii ni mtu wa sikio, na sikio langu, kila mtu Riruta anajua, halijaumwa hata siku moja.

Leo nikajaribu kwa mteja wa kwanza, ghorofa ya tatu, Hurlingham. Nilipanda peke yangu, Mama Mwololo akiwa bado chini anaongea na askari wa lango. Ndoo niliiacha kwenye ngazi. Mteja akanifungulia, nikamweleza kwamba pua nimeistaafisha kwa heshima na sasa kampuni imeingia kwenye njia mpya. Nikalaza sikio kwenye paipu nyuma ya kuka, nikafumba macho. Robo saa. Kimya kizuri ajabu. Sijawahi kukutana na paipu iliyonyamaza vile. Nikatoa kadi nikaandika, herufi kubwa: SIKIO. SAFI.

Nilipogeuka, Mama Mwololo alikuwa amesimama nyuma yangu na sare yake, mteja kando yake, na askari wa lango pia. Bomba la gesi lilikuwa limeshafungwa na madirisha yote yako wazi. Ndoo iko sakafuni, na kwenye nati ya pili kutoka sikio langu lilipokuwa kuna povu kama yai. Mama Mwololo akasema ameniita tangu ghorofa ya kwanza. Mteja akasema amenishika bega. Askari akasema yeye amepiga filimbi.

Nimeipaka nati, nimeikaza, nimewasamehe wote watatu. Lakini kesho asubuhi nitamwambia Injinia Debra ampeleke Mama Mwololo hospitali aangaliwe koo. Tangu apewe hiyo sare, sauti yake imekuwa ndogo sana.